Picha za Injini Hazijafika

Kilosa, 18 Septemba 2016

Mdogo wangu Emiliana,

Nakusalimu wewe, mwanao Luka, mkewe Nomsa, na yule mjukuu wetu Busisiwe ambaye jina lake bado linanishinda ulimi. Sisi tupo. Wifi yako Tumu anasumbuliwa na goti, lakini asubuhi hii amepalilia matuta mawili na kunisema kwa kukaa kitako naandika, kwa hiyo ujue goti halijamshinda. Mbuzi wamefika saba.

Masikio yangu ndiyo yaleyale. Juzi ulipopiga simu nilisikia kama mtu anakaanga samaki. Daktari anasema ni miaka thelathini na minne ya nyundo na honi za injini, na hakuna dawa. Basi tuendelee na karatasi, kama marehemu baba alivyotuzoesha enzi zile akiwa kwenye stesheni za mbali, barua zake zikija kwa mkono wa gadi wa treni.

Nimestaafu, lakini kila asubuhi natembea relini hadi daraja la chuma na kurudi. Mtu aliyekagua njia maisha yake yote haachi kwa kuambiwa aache. Kokoto zilikuwa zimelika chini ya kalvati la pili; niliwaonyesha vijana wa gangi ya reli, wakaleta nyingine. Treni ya abiria ikipita natoka nje kuitazama. Siisikii tena, naijua kwa nyayo, ardhi inapotetemeka.

Mto Mkondoa umekauka, watu wanavuka na viatu. Sipendi. Nimeona mara tatu kiangazi cha namna hii, na mara zote tatu kilifuatwa na maji mabaya.

Sasa nina ombi kwa mpwa wangu. Luka aliniandikia kwamba wale wazee anaoshinda nao Jumamosi, wanaotunza injini za mvuke, wamefufua injini moja iliyolala miaka ishirini. Nataka picha. Si za kwenye simu, hii yangu haionyeshi kitu. Za karatasi, kubwa: magurudumu, vyuma vinavyoyasukuma, na kibao cha namba. Tangu marehemu shemeji Themba akutoe Mazimbu, kwenye kambi ya wapigania uhuru wao, akupeleke kwao Afrika Kusini, ni robo karne sasa, hujawahi kunitumia kitu nilichokitamani kama hiki. Mwambie asichelewe. Mvua zikianza reli hukatika, na barua hulala Morogoro mwezi mzima. Nazitaka kabla ya mvua.

Kaka yako,
Ezekieli


Bellevue, Johannesburg, 16 Oktoba 2016

Kaka Ezekieli,

Shikamoo. Mpe wifi Tumu pole ya goti, na umwambie akuseme na kwa zamu yangu.

Hapa tunapumua. Nyumba ni ileile, vyumba kumi na kimoja na mabomba mawili. Mijakaranda imechanua lakini mvua hakuna. Tumekatazwa kumwagilia bustani, bwawa limeshuka mno, na jua la saa nane linakuingia hadi kwenye meno. Jirani yangu Marthe, yule Mkongo wa Kalemie anayesuka nywele barabara ya Rockey, anaosha kichwa cha mteja kwa vikombe vitatu vya maji. Mimi nashona sare za shule. Januari ndiyo mavuno yetu mafundi cherehani, kwa hiyo Oktoba naanza kukata.

Jumapili iliyopita Luka alinipitia na Busisiwe, tukaenda kusimama juu ya lile daraja la kwenda Newtown, reli zote za mji zikiwa chini ya miguu yetu. Tulikaa saa tatu. Treni za njano na kijivu zilipita kumi na nne, na moja ndefu ya mizigo ambayo Luka alihesabu mabehewa yake hadi hamsini na mawili. Alisema wewe ukifika pale utahamia, tutakuwa tunakuletea chakula darajani. Busisiwe anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kizulu. Wewe anakuita Malume wa treni, yaani mjomba wa treni. Nimemwambia wewe ni babu kwake, hasikii.

Nilipomsomea Luka ombi lako alicheka kwa furaha, kaka, mwanamume wa miaka ishirini na tisa. Injini yenyewe anaisugua kwa mikono yake, anarudi na ovaroli limekuwa jeusi hadi Nomsa anakataa kulifua pamoja na nguo nyingine. Picha amekwisha piga, ziko kwa msafishaji huko Alexandra wanakoishi. Ataniletea siku moja akitoka kazini Midrand, nami nitazitia kwenye barua ijayo. Nimemhimiza. Nimemwambia mjomba wako anazitaka kabla ya mvua.

Mdogo wako,
Emiliana


Kilosa, 4 Desemba 2016

Mdogo wangu,

Natumai mko salama. Hapa Tumu amepona goti, sasa ni bega. Mbuzi mmoja ameliwa na fisi, au na watu, sijui.

Mvua imeanza tarehe ishirini na sita. Usiku wa kwanza kopo langu la kupimia lilijaa milimita thelathini na moja, wa pili arobaini na nne. Mto umeamka. Treni ya mizigo ilisimama siku mbili vijana wakiondoa mchanga relini, nami nilikwenda kuwashikia koleo ingawa hawakuniita.

Redioni walisema Johannesburg kulinyesha vibaya mwezi uliopita, magari yakaelea barabarani. Tumu ndiye aliyesikia akanieleza kwa kunipigia kelele sikioni. Bellevue iko mlimani, nakumbuka ulivyonieleza, kwa hiyo sikuhofu sana. Lakini Luka anakaa karibu na mto. Niambie.

Na picha hazijafika. Si lawama, nauliza tu.

Ezekieli


Bellevue, 22 Januari 2017

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia, sare zilinielemea.

Ni kweli mvua ilinyesha. Mabwawa yanapanda, watu wanashukuru. Hapa kwetu maji yaliingia chumba cha nyuma tu, tukayatoa kwa ndoo. Tangu hapo imekuwa ikinyesha karibu kila alasiri, saa kumi, kama mfanyakazi anayeingia zamu. Radi ni nyingi. Reli ya kwenda mashariki ilifungwa siku mbili, kisha ikafunguliwa.

Luka hayupo hapa. Alipata kazi Durban, bandarini, ikabidi aondoke haraka. Kuna treni nyingi huko, za makaa na za makontena. Nomsa na mtoto wamekwenda kukaa kwa wazazi wake Tembisa. Picha zitachelewa.

Nina ombi dogo. Ukipita makaburini, nisafishie kaburi la mama. Uning'olee majani, na uniambie lile jiwe la kichwani bado limesimama. Nimekuwa nikimwota.

Emiliana


Kilosa, 2 Aprili 2017

Mdogo wangu Emiliana,

Tumekupokea kwa furaha, ingawa barua yako ilikaa njiani wiki saba na imefika imevimba kwa unyevu. Tumu hajambo. Mbuzi tumeuza, wamebaki wawili.

Mvua ya mwaka huu sina haja ya kukuhesabia milimita. Kopo langu lenyewe lilichukuliwa. Reli ilikatika mahali pawili, na kati ya kalvati la pili na daraja la chuma vyuma vya reli vilibaki vinaning'inia hewani na mataruma yake, kama ngazi iliyolazwa. Nilikaa nikaitazama siku nzima. Wamekwisha itengeneza.

Kuhusu mama, sijaweza kupita. Njia ya makaburini ina tope jingi. Nitakwenda.

Nimefurahi kwa kazi ya Luka, ila sikuelewa. Aliipenda ile injini kuliko mshahara, akaiacha hivihivi? Hata neno moja hajaniandikia. Humu ndani nimetia barua yake, imefungwa. Mpelekee Durban, au nitumie anwani nimwandikie mwenyewe. Kama nimemkosea kwa kumsumbua na picha, mwambie mjomba anaomba radhi.

Ezekieli


Bellevue, 11 Juni 2017

Kaka yangu Ezekieli,

Shikamoo. Keti kwanza, na umwite wifi akae karibu.

Luka hayuko Durban. Luka amekufa. Nimeliandika neno lenyewe, sasa naweza kuendelea.

Ilikuwa Jumatano ya Novemba, ile mvua uliyosimuliwa ya redioni. Tulikuwa tumeingoja miezi, kaka. Saa tisa na nusu mbingu zilipokuwa nyeusi, mimi na Marthe tulitoa ndoo zote uani, tukasimama kibarazani tunacheka. Mawe ya barafu yalianguka, watoto wakayaokota. Nilikuwa nafurahi saa ileile.

Luka alikuwa ametoka Midrand mapema. Alipita kwake kuchukua kitu alichokuwa ananiletea. Unajua anakaa ng'ambo ya mto, na teksi za kuja kwetu ziko upande wa pili, kwa hiyo lazima avuke kwa miguu. Nomsa alimwambia angoje mvua ikatike.

Akamjibu, "Mama anangoja."

Kwenye daraja la waenda kwa miguu alikuta mwanamke amekwama katikati, ana mtoto mgongoni, maji yamefika kwenye mbao. Watu walikuwa kingo zote mbili wanapiga kelele, hakuna anayeingia. Luka akaingia. Akamfungua yule mtoto mgongoni mwa mama yake, akarudi naye hadi kwa wanaume waliokuwa ukingoni, akawapa. Kisha akamrudia mama. Alikuwa amemshika mkono ndipo mbao zilipoachia. Yule mwanamke maji yalimtupa kwenye matete, akatolewa hai. Luka hakuonekana.

Wanaume wale ndio walionisimulia, na mwanamke mwenyewe. Alikuja kwangu Desemba, mtoto kambeba. Alikaa kwenye stuli ya wateja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, akinisimulia kidogo kidogo. Mtoto alichezea vifungo vyangu. Ni wa kiume, ana meno manne. Nilitaka kumpenda, kaka. Nilishindwa.

Tulitembea kando ya mto siku kumi na tisa, mimi, Nomsa na Marthe. Tulifika hadi mahali mto unapoingia kwenye mashamba ya matajiri na kuta zao, walinzi wakaturudisha. Nilikwenda mochwari tatu. Huko wanakufunulia wana wa wenzio mmojammoja. Februari polisi walinipitishia pamba mdomoni, wakasema wataipima, wakipata mtu wa damu yangu wataniita. Hawajaniita.

Themba nilimzika mwenyewe, nikalia nikanyamaza. Huyu sijui nianzie wapi. Nikisikia mlango naangalia. Nikipika napika ya watatu. Nomsa alikaa nami wiki mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba hawezi kukaa na mtu anayeangalia mlango.

Uliniuliza, nikakuandikia Durban. Marthe aliponiona nafunga bahasha ile aliniambia, "Mama Luka, kulia utalia, lakini usimwambie ndugu yako bongo." Bongo kwa Wakongo ni uongo. Nikamjibu kwamba kaka yangu ni mzee na anampenda sana. Hiyo si sababu yote. Kwenye simu sauti ingenisaliti, karatasi ilinikubalia. Na kila nilipokwenda kwenye barua zako nikakuta unauliza picha, kalamu iligoma. Usiniulize alikuwa analeta nini. Nakuomba, hilo moja usiniulize.

Nina ovaroli lake la injini. Limebaki na grisi mifukoni. Nomsa amenipa. Hatuna mwili, na sasa nimechoka kungoja mwili. Nalituma kwa Mussa, yule mfanyabiashara wa Morogoro anayesafiri na basi la Lusaka, atakuletea mkononi. Lizike kwa mama, kichwani kwake, umwite mchungaji asome. Mama atamtunza hadi nije.

Emiliana


Kilosa, 3 Septemba 2017

Emiliana, mdogo wangu,

Barua yako niliisomea posta, nimesimama. Karani alinitolea kiti, nikamwambia sihitaji, kisha nikajikuta nimekaa chini sakafuni. Waliniletea maji. Tumu alikuja kunichukua.

Alilia yeye kwa sauti, siku tatu nyumba ilijaa watu. Mimi sikulia mbele yao. Watu walidhani sijasikia.

Umesema nisiulize. Siulizi. Najua alikuwa ameshika nini, na najua ni nani aliyekitaka kabla ya mvua. Hilo ni langu, nitakwenda nalo.

Mussa amefika. Ovaroli ninalo. Sasa nisikilize, maana hili limenichukua miezi na hata leo nimeanza karatasi mara nne. Tumu ndiye aliyenikalisha mezani.

Akasema, "Yeye amekwambia la mtoto wake, wewe unashindwa la kaburi?"

Mama hayupo pale, Emiliana. Februari mto uliacha njia yake. Ulikata kona juu ya daraja la chuma, ukaingia makaburini upande wa chini, na kufikia asubuhi upande wote ule ulikuwa mto. Baba, mama, bibi, na makaburi ya watu zaidi ya arobaini. Nilikuwepo. Nilisimama na mtaimbo mkononi kama mjinga, nimezoea kwamba maji yakila tuta unaleta mawe. Nikaleta mawe. Nilitupa mawe hadi vijana wakanishika mikono. Jiwe la mama uliloniuliza nililiona likielekea chini taratibu, halafu sikuliona.

Nilikuandikia kwamba njia ina tope. Nilijiambia kwamba uko mbali, una mwana mmoja aliyehamia Durban, una huzuni za kutosha, ya nini kukuongezea. Kumbe tulikuwa tunadanganyana kwa huruma, kila mmoja na maji yake.

Kwa hiyo sina mahali pa kulizika. Mchungaji alishauri makaburi mapya, kule juu mlimani. Nilikwenda na jembe, nikachimba, nikafika magotini, nikaona nimechimba shimo la nguo kati ya watu nisiowajua. Nikalifukia. Ovaroli limetundikwa chumbani kwangu. Tumu anasema si vizuri. Sijui kilicho kizuri.

Sitembei tena relini.

Ezekieli


Kilosa, 20 Mei 2018

Mdogo wangu Emiliana,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mussa anasema amekuona, unashona, huongei. Amesema umekonda.

Sikulaumu. Nakuandikia hali ya hewa kwa sababu sina kingine. Masika yamekuwa makubwa, lakini reli haikukatika safari hii. Wapimaji wa reli mpya wamepita hapa na vyombo vyao vya miguu mitatu, wanasema treni ya umeme itakuja, na njia yake itapita juu, mbali na mto. Mmoja wao aliambiwa mimi ni mkongwe wa njia, akaja kuniuliza maji hufika wapi. Nilimwonyesha. Aliandika yote, akanishukuru, akaondoka. Nikaingia ndani nikalala mchana, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Tumu anaumwa tumbo tangu Pasaka. Nikuambie ukweli, hali yake si nzuri. Tumekubaliana tusifichane tena, sivyo?

Nijibu hata mstari mmoja.

Ezekieli


Bellevue, 17 Machi 2019

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole. Mussa alinieleza habari za wifi Tumu mwezi wa nane, naye amezikwa mimi sikutia neno. Barua zako zote ninazo. Nilikuwa nazifungua, nazisoma, nazirudisha kwenye bahasha. Sina udhuru wa kukupa. Kulikuwa na miezi ambayo Marthe alinivalisha viatu.

Uliandika kwamba unajua ni nani aliyekitaka kabla ya mvua. Mimi ndiye niliyemhimiza, na ni mimi ambaye Luka alimwambia Nomsa kwamba namngoja. Nilidhani nikikwambia tutagawana, utapungua mzigo. Tumegawana, kaka, na kila mmoja ameondoka na mzigo mzima.

Wamempata Luka.

Nilipigiwa simu Februari. Ile pamba ya mdomoni imejibu baada ya miaka miwili. Januari ya 2017, wakati mimi nakuandikia habari za Durban, wafanyakazi waliokuwa wakikata matete walimkuta upande wa Midrand. Mto ulikuwa umemrudisha kulekule alikotoka kazini jioni ile. Hakuwa na kitambulisho wala simu, na uso haukuwa wa kutambulika. Alipelekwa mochwari nyingine ya serikali, mbali, ambayo mimi sikuijua. Alikaa humo miezi mitano. Juni mji ukamzika pamoja na wasio na wenyewe. Juni ileile, kaka, niliyokuomba kaburi.

Tulikwenda Jumamosi iliyopita, mimi, Nomsa, Busisiwe na Marthe. Ni teksi tatu kutoka hapa. Busisiwe ana miaka minane, ni mrefu, ana mabega ya baba yake. Mlinzi wa makaburi ni mzee wa Kisotho, mtu wa heshima, alivua kofia. Upande ule hauna misalaba. Ni vibao vya chuma vyenye namba, kama vile vya kuhesabia maili kando ya reli. Alitutembeza hadi namba yetu.

Alisema humo wamo watano. Huzikwa hivyo, mmoja juu ya mwingine. Luka ni wa tatu.

Nomsa aliuliza kama tunaweza kumtoa. Mzee akaeleza kwamba ni ruhusa ya mahakama, na kwamba wa katikati hatoki bila kuwavuruga wa juu na wa chini, na baada ya miaka miwili hawezi kutuahidi tutamtoa nani. Nomsa aligeuka akatembea peke yake hadi kwenye uzio. Marthe akamfuata.

Mimi nikaomba majina ya wale wanne. Nilitaka kujua mwanangu analala na nani. Yule mzee alikwenda ofisini, akarudi na daftari, akavaa miwani, akanisomea taratibu: mwanamume asiyejulikana, mwanamume asiyejulikana, mwanamke asiyejulikana, mwanamume asiyejulikana. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena.

Njiani kurudi tulibishana. Nomsa anataka jiwe lenye jina la Luka peke yake, anasema ndiye mumewe, na hao wengine wana kwao. Simlaumu. Nilimwambia kwao hakuna aliyewapata. Mama zao wako mahali fulani wanaangalia mlango. Hatukuelewana, na nadhani hatakuja tena nami kule.

Nimekwenda kwa mchongaji mwenyewe. Ni jiwe dogo, mzee wa makaburi ameniruhusu. Leo asubuhi tumeliweka, mimi na Busisiwe, kwa sababu mama yake amemruhusu aje. Limeandikwa Luka Mabuza na wenzake wanne. Busisiwe alilisoma kwa Kiingereza kwanza, halafu akaniuliza kwa Kizulu kama hao wanne ni ndugu zetu. Nikamwambia kwamba ndiyo, ni wetu sasa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuja.

Akauliza tutawaitaje basi.

Tulikaa chini kwenye nyasi. Akaanza kutaja majina ya watu anaowapenda, mmojammoja, anajaribu kila jina juu ya jiwe aone kama linafaa, nami nikamwacha. Tulikuwa bado tupo pale mlinzi alipokuja kutuambia wanafunga geti.

Mdogo wako,
Emiliana